Je, uwanja wa Quidditch ungeenea Kasarani?

Dada, umeuliza kama uwanja wa Quidditch, ule mchezo wa wachawi wanaopaa kwa ufagio katika hadithi za Harry Potter, ungeenea ndani ya ule wa mpira pale Kasarani, Nairobi. Upana ungeenea, urefu hapana. Wa Quidditch una umbo la yai, futi 500 kwa 180, yaani kama mita 152 kwa 55. Wa mpira huwa 105 kwa 68.

Lakini utamu wenyewe uko juu. Kila upande kuna nguzo tatu za dhahabu zenye pete za kufungia mabao, futi 50 kwenda juu. Simama chini ya jengo la ghorofa tano pale mtaani Umoja, uinue macho hadi kwenye paa: mlinda lango yuko huko, juu ya ufagio! Ndiyo maana majukwaa ya mashabiki huinuliwa sana.

Ule wa fainali ya Kombe la Dunia la Quidditch la 1994, hadithini, ulibeba watu 100,000. Kasarani haifiki hapo.