Kabla hujawamba, mtafute aliyesimama pembeni

Jana kijana wetu hapa kwenye duka la kuchapa picha kawamba kanvasi ya mahafali kwenye fremu, mhitimu kabaki na sikio moja. Nimecheka, kisha nikakaa kuandika, maana ni mara ya pili tangu masika yaanze.

1. Pima ubavu. Fremu ya sm 60 kwa 90 yenye ubao wa sm 4 inataka kanvasi ya 74 kwa 104: kila upande sm 4 za ubavu na 3 za kupigia stepla nyuma. Mnalijua? Hata mimi nililijua. Mama mmoja wa Chumbageni aliniletea picha ya familia, mumewe kasimama mwisho kabisa kulia. Mzee alishafariki, na hawakuwa na nyingine waliyopiga wote pamoja. Nikaikuza mpaka ikajaa kanvasi nzima, nikawamba. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi nilivuta mpaka mzee wa watu akaingia ubavuni. Ukisimama mbele humwoni. Ukizunguka kama unayechungulia dirishani, huyo hapo, na kofia yake.

Mama akauliza taratibu, "Mwanangu, baba yao yuko wapi?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba kanvasi ndivyo zilivyo.

Hakugomba. Angegomba ningepona. Alikaa kwenye benchi, akaningoja nione haya mwenyewe. Nikachapa upya bure, safari hii kwa ujanja wa kuurudia ukingo kinyume, kama kwenye kioo, ili ubavu usibaki mtupu. Sikukagua. Mzee alirudi mbele, ila ubavuni kachomoza mkono wa tatu. Mara ya mwisho nikaupaka ukingo rangi moja, ile ya ukuta wa nyuma yao, ikakubalika. Kanvasi tatu, malipo ya moja.

2. Picha ya WhatsApp itumwe kama dokumenti. Basi.

3. Khanga ni pamba. Wino wa sablimesheni, ule unaohamishwa kwa joto toka karatasini, unataka poliesta. Usibishane, ifue mara mbili uone. Kikombe kiwe kile kilichopakwa dawa yake, na maandishi yageuzwe kabla. Aliyechapa vikombe 40 vya harusi vinavyosomeka kinyumenyume anajijua, hapo alipo kainamia simu.

4. Usiviringishe kanvasi kabla wino haujakauka, hasa Tanga hii ambayo hewa yenyewe ina maji. Ukiviringisha, picha iwe nje. Yule mama bado ni mteja wangu. Kila akija kuchukua kazi, kabla hata sijafungua karatasi huniuliza, "Leo mikono mingapi?"