Nakimbia marathoni, je, mwinuko utanisumbua?

Swali: Daktari, Oktoba tunakwenda Nepali kutembea njia ya kuzunguka milima ya Annapurna. Mimi hukimbia marathoni. Wenzangu wanataka tupande jipu kutoka Besisahar hadi Manang kuokoa siku, halafu tutegemee vidonge vya asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na supu ya kitunguu saumu. Inatosha?

Jibu: Marathoni ziweke kando. Mazoezi hujenga moyo na misuli, lakini hayauharakishi mwili kuzoea hewa yenye oksijeni haba. Tena wenye miguu myepesi ndio ninaowahofia zaidi, maana hufika juu kabla miili yao haijajipanga.

Besisahar iko mita 760 hivi, Manang 3,540. Jipu linawapandisha karibu mita 2,800 kwa mkupuo, huku mkiruka vijiji vya Wagurung na mashamba ya mpunga ya matuta, yaani siku zilezile ambazo mwili ungezitumia kujizoeza. Tembeeni. Mkishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mlale tena palepale. Hapo Manang, mchana pandeni kidogo, jioni mshuke kulala. Mbele yenu kuna Thorong La, njia ya kuvukia mlima, mita 5,416, ambako kila pumzi ina takriban nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari.

Asetazolamidi inasaidia kweli, ikianzwa siku moja kabla ya kupanda na kwa ushauri wa daktari anayejua mizio yako. Haifidii jipu. Supu ni chakula, inyweni mkiipenda.

Wanaonikera hasa ni waongoza safari wanaogawa deksamethasoni kama pipi ili mteja avuke. Dawa ile hupunguza kuvimba kwa ubongo kunakoletwa na mwinuko, haizoeshi mwili; ukiiacha ukiwa bado juu, ugonjwa huibuka. Nimewahi kumtaka mtu atembee kisigino kwa kidole kwenye ubao mmoja wa sakafu, nione kama ubongo umeathirika. Hatua ya tatu akashika ukuta, na bado anabisha kwamba ni uchovu tu! Anayeyumba hivyo, au anayehema akiwa amekaa, ashushwe mara moja, usiku huohuo ikibidi, na asiachwe peke yake. Msikae kusubiri helikopta.

Ratiba isiyo na siku za akiba ndiyo inayofanya watu wafiche maumivu ya kichwa wasiwacheleweshe wenzao. Kampuni ikikataa kuziongeza, tafuteni nyingine.