Wasomaji Wanauliza: Kabla ya Kumsema, Mwambie

Bwana Yesu asifiwe. Jumuiya yetu hapa Uyole ina nyumba 14. Tulipofiwa, mweka hazina alisoma rambirambi sh. 186,000. Wengi wetu tuliamini imezidi laki mbili. Hakuna aliyemuuliza, ila maneno yamezagaa mpaka sokoni. Ibada ya jumuiya sasa inahudhuriwa na watu watano. Katibu anataka tumsimamishe mbele ya kanisa Jumapili. Tufanyeje? (Msomaji, Mbeya)

Asifiwe milele, mama. Jumapili msimsimamishe. Barua yako yenyewe inasema hakuna aliyemuuliza, na hapo ndipo jumuiya ilipoumia, hata kabla hatujajua fedha zilikwenda wapi.

Bwana Yesu aliweka milango mitatu katika Mathayo 18:15-17, na ninyi mnataka kuingilia wa mwisho. Mlango wa kwanza ni huu: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Aende mtu mmoja aliyechanga na mwenye dukuduku. Akienda katibu na mwenyekiti wake, huo umeshakuwa ujumbe, naye atajitetea badala ya kueleza. Asiende msibani, wala mlangoni mwa kanisa watu wakitoka, wala asipige simu. Aende jioni watu wakishatoka shamba, akae, aseme alichokiona tu: "Dada, mimi nilitoa elfu ishirini. Jumla uliyosoma sikuielewa. Naomba tuangalie daftari pamoja." Kisha anyamaze, asikilize.

Neno la kuliepuka kabisa ni "watu wanasema." Ukilitamka, mwenzako anaona kundi zima limesimama nyuma yako, na swali lake la kwanza litakuwa "nani?" Hapo fedha zitasahaulika na mtaanza ugomvi mpya wa kumtafuta aliyesema.

Mara nyingi daftari lenyewe linajibu. Kuna ahadi ambazo watu walizihesabu kama fedha taslimu. Kuna aliyetuma kwa simu moja kwa moja kwa wafiwa. Kuna nauli ya gari la maiti iliyolipwa kabla ya kujumlisha. Mweka hazina aliyeshindwa kueleza haya siku ile anaweza kuwa mzembe wa kuandika, lakini si mwizi.

Na ikiwa kweli alizitumia? Sheria ya Musa, Walawi 6, ilimtaka aliyedhulumu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Pengo likiwa sh. 30,000, ni 36,000. Jumuiya inaweza kusamehe hiyo nyongeza, au kukubali alipe kidogo kidogo kwa maandishi, lakini msamaha haufuti deni la wafiwa.

Akikataa kuzungumza, ndipo waingie shahidi mmoja au wawili. Wachagueni watu ambao yeye mwenyewe anawaheshimu. Kazi yao ni kusikia pande zote mbili, kwa hiyo rafiki zako wa karibu hawafai. Wakishindwa wao, ndipo jambo lifike kwa wazee wa kanisa na mchungaji.

Kuna hatua ambayo karibu kila jumuiya huiruka, na ndiyo sababu amani hairudi hata ukweli ukijulikana. Kila aliyepeleka maneno anatakiwa arudi kwa yule yule aliyemwambia, mmoja mmoja: "Nilikuambia kuhusu mama fulani, sikuwa na uhakika, nilikosa." Inauma, na ndiyo maana mtu aliyefanya hivyo mara moja huwa mwangalifu mara ya pili. Mithali 26:20 inasema, "Moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma." Jihadharini pia na uchongezi unaovaa kanzu ya maombi: "Tumwombee mama fulani, nasikia fedha zinamsumbua." Ombi la namna hiyo ni habari mbaya iliyopewa amina. Mwombeeni kimyakimya mpaka yeye mwenyewe aombe kuombewa.

Kwa misiba ijayo, watu wawili wahesabu na kusaini, ahadi ziwe ukurasa wake, matumizi ukurasa wake, na jumla isomwe kabla watu hawajatawanyika. Mkiwa na akiba ya kudumu, igeni sanduku la vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu. Utaratibu huo unamlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote.

Kamwene mhariri. Mimi ni kijana wa kwaya hapa Mafinga. Nina hasira za haraka. Saa nne usiku nilimjibu mwalimu wetu wa kwaya vibaya kwenye kundi la WhatsApp. Kesho yake nikaandika, "Kama nimekukwaza, naomba radhi." Hajanijibu mpaka leo. (Msomaji, Iringa)

Kamwene, kijana wetu. Hilo neno "kama" ndilo lililoharibu. Linamwambia kwamba huenda hukukosa, na kwamba tatizo ni wepesi wake wa kukwazika. Nenda kwake, taja kosa lenyewe: "Nilikutukana mbele ya wanakwaya, na wewe ni mwalimu wangu." Usieleze kilichokukasirisha siku hiyo, maana maelezo hugeuka utetezi. Muulize unaweza kurekebisha nini. Halafu, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya kundi, andika kwenye kundi mistari miwili inayokiri kosa, bila emoji na bila mahubiri. Akikaa wiki kadhaa kabla ya kuchangamka, mpe muda huo. Ni wake.

Kuhusu hasira zenyewe, kumbuka ugomvi wako wa mara tatu za mwisho: ilikuwa saa ngapi, na nani, juu ya nini? Wengi hukuta jambo lile lile linajirudia: njaa, uchovu, au kidonda cha kupitwa, kwa mfano sauti ya kuongoza kupewa mwingine. Kidonda hicho ndicho cha kuzungumzia na mwalimu wako, mapema, hali ikiwa shwari.

Waefeso 4:26 inasema, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Wengine huutumia mstari huu kulazimisha ugomvi umalizike usiku huo huo, watu wamechoka na sauti zimepanda. Usiku, andika sentensi moja tu: "Mwalimu, nimeumia, naomba tuongee kesho kabla ya mazoezi." Weka simu mbali. Sentensi hiyo inatosha kuuzuia uchungu usilale nawe, na asubuhi unabaki na mwalimu wa kwenda kuzungumza naye.

Jirani tunayesali naye amesogeza mpaka na kupanda parachichi kwangu. Je, kwenda baraza la kata ni dhambi, kwa sababu ya 1 Wakorintho 6, inayowakemea ndugu wanaoshitakiana? (Msomaji, Rungwe)

Si dhambi. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kukosa mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Anzeni na wazee wanaoujua mpaka huo, mkiwa shambani na si sebuleni, na mkiafikiana andikeni, msaini pamoja na mashahidi. Mkishindwa, baraza la kata kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha, jambo linalofanana sana na hilo.

Niongeze hili kwa uzito wote: kipigo cha ndani ya nyumba na madhara kwa mtoto hayaingii katika "wewe na yeye peke yenu." Hayo nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo. Anayemwambia mhanga avumilie ili kulinda amani ya kanisa anamlinda mkosaji.

Je, kuna kanisa lililogombana sana likapona? (Msomaji, Tukuyu)

Lipo, nalo ni mzazi wa Kanisa la Moravian lililofika kwenu Rungwe mwaka 1891. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kujenga Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722, katika ardhi ya mkabaila Mkristo aliyeitwa Zinzendorf. Baada ya miaka michache walikuwa wamegawanyika vibaya juu ya mafundisho na ibada. Zinzendorf alikwenda nyumba kwa nyumba akizungumza nao. Tarehe 12 Mei 1727 waliweka sahihi mapatano ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti wakashiriki Meza ya Bwana kwa mapatano ya kweli. Mwezi huo huo walianza zamu za maombi zilizoendelea zaidi ya miaka 100, na mwaka 1732 wakatuma wamisionari wao wa kwanza. Angalia mpangilio: mazungumzo ya nyumbani, maandishi, kisha meza.

Nimeomba msamaha mara tatu, mwenzangu hataki hata kuitikia salamu. (Msomaji, Njombe)

Warumi 12:18 ina kipimo: "Kama yamkini, kwa upande wenu." Upande wako umeufanya. Usiombe mara ya nne, maana itakuwa kumsumbua, wala usitume watu wamshawishi. Salamu usiiache, hata asipoitikia. Na akipata msiba, nenda kachote maji na kupasua kuni pamoja na wengine, bila kukaa mbele ili akuone.