Swali: Bishop (njia ya kukokotoa usalama wa mteremko) inanipa 1.6 lakini mwamba unapasuka juu, nakosea wapi?

SWALI: Injinia, nina mteremko wa mwamba uliochongwa kwa digrii 60. Matabaka yanalala kuelekea ndani ya mlima kwa digrii 70, unene wa kila tabaka kama sentimita 80, na pembe ya msuguano kati yao digrii 30. Nimepiga Bishop nikapata sefti fakta (nguvu ya kuzuia gawa kwa ya kuangusha) 1.6 ila nyufa za juu zinazidi kufunguka. Shida nini?

JIBU: Mkuu, hiyo 1.6 iweke pembeni kabisa. Bishop inachukulia mlima ni donge moja linalokatika kwa mduara, haina habari kwamba kuna matabaka, na kwa mwinamo huo matabaka yako hayashuki kwa mduara, yanainamia nje moja baada ya jingine kama vitabu kwenye shelfu ukitoa kile cha mwisho kilichokuwa kinavizuia.

Kuna kitu cha kuangalia hata kabla ya kalkuleta. Nenda kwenye ufa wa juu uone mdomo upi uko juu. Kama wa bondeni umeshuka, hapo ni mtelezo wa kawaida, lakini kama wa bondeni ndo umenyanyuka kuliko wa mlimani, matabaka yanapinduka, maana yakizunguka kwenda nje yanasuguana na kila la mbele linapanda kidogo juu ya la nyuma yake.

Sasa hesabu ya haraka: 90 toa 70 ni 20, jumlisha msuguano 30 unapata 50. Uso wako una 60, umezidi, kwahiyo matabaka yanaweza kuteleza yenyewe kwa yenyewe, na bila huko kuteleza hayawezi kupinda. Hii inafanya kazi kama uelekeo wa matabaka (mstari yanaouchora kwenye ardhi tambarare) unakaribiana na wa uso wa mteremko, wapo wanaoruhusu tofauti mpaka digrii 30, mi naona hiyo ni kubwa.

Kinachofuata, je kuna mipasuko inayokata matabaka kwa mkingamo? Hapa ndo watu wengi wanaruka na ndo panaamua kila kitu.

Kama ipo, una vipande vilivyosimama kwenye kitako chenye mwinamo wa digrii 20. Kipande kinapinduka kama unene gawa kwa kimo ni chini ya tan 20, yaani 0.36, so kwa sentimita 80 chochote kinachozidi mita 2.2 hakisimami chenyewe. Kisha tumia njia ya Goodman na Bray ya 1976: anza kipande cha juu kabisa, tafuta nguvu inayohitajika kukizuia kisipinduke na ile ya kukizuia kisiteleze, chukua kubwa, kipe cha chini yake kama mzigo, shuka hivyo hivyo mpaka mguuni. Mara nyingi utakuta vya juu vimetulia, vya kati vinapinduka, na vile vifupi vya mguuni vinasukumwa tu mpaka vinateleza. Nguvu ikibaki chanya kwenye kipande cha mwisho, mteremko haujasimama. Badilisha msuguano mpaka ifike sifuri, halafu tan 30 gawa kwa tan ya huo msuguano mpya, hiyo ndo sefti fakta yako, spreadsheet inatosha kabisa.

Kama haipo, tabaka ni nguzo iliyoshikwa chini na inavunjika kwa kupinda. Nguzo ya mita 5 ikiwa peke yake, kwa uzito wa kilonyutoni (kN) 26 kwa mita ya ujazo, upande wa mlimani pale chini inavutwa kwa MPa (megapaskali, kipimo cha mkazo) 0.7 hivi, na hiyo ni baada ya kutoa mgandamizo wa uzito wake. Ipeleke mita 10 inafika kama 3.1. Urefu umezidi mara mbili, mvuto umezidi mara nne na zaidi! Kwahiyo hapa msuguano peke yake hautoshi, unahitaji nguvu ya mvuto ya huo mwamba, na usichukue ya sampuli safi ya labu wakati uliopo saiti umeshaoza.

Maji hatujayaweka bado, na yakijaa kwenye zile nyufa yanasukuma nguzo moja kwa moja, kwahiyo rudia hesabu na nyufa zikiwa zimejaa. Na wakati unahesabu, mwambie mtu wa ekskaveta asiguse mguu wa mteremko, vile vifupi vya chini ndo vimeshikilia wenzao wote wa juu.