Mwandikie mhariri, si kampuni
Ndugu, umeuliza kama makala ukiituma makao makuu ya kampuni kubwa itagawiwa kwenye majarida yake yote ya muziki. Haigawiwi. Kila jarida lina mhariri wake, huyo ndiye wa kumwandikia.

Halafu usiamini orodha za zamani za majarida na wamiliki wake, umiliki hubadilika. Kampuni ya Uingereza ya Future iliuza majarida ya muziki wa roki, Metal Hammer na Classic Rock, kwa kampuni ya TeamRock mwaka 2013 kwa pauni milioni 10 na ushee. TeamRock ikafilisika, Future ikayanunua tena Januari 2017 kwa pauni 800,000 tu. Biashara hiyo! Kampuni nyingine, Bauer, bado inalo jarida la muziki la Mojo, ila jarida lake la Q lilifungwa 2020. Chukua toleo jipya kabisa, tafuta ukurasa wenye majina ya wahariri, uanzie hapo.