Kuogelea katika bwawa la hoteli usiyolala

Dada yangu, umeuliza kama ni vibaya kwa familia yako, iliyopanga nyumba Jambiani, kuingia kutokea pwani na kuogelea katika bwawa la hoteli ya jirani bila ya kumuuliza mtu. Naelewa kinachokusukuma, kwani upande wa mashariki wa Unguja maji yakipwa huenda mbali mno, na watoto hubaki wakitazama mashamba ya mwani. Hata hivyo, wageni wa hoteli wamelilipia bwawa lile, na mlinzi akikufumbia macho ndiye atakayeulizwa na mkubwa wake. Pitia mapokezi, piga hodi kama unavyoingia nyumba ya watu, kisha uliza kama wanapokea wageni wa kutwa. Baadhi ya hoteli hutoza kiingilio, nyingine huridhika mkila chakula cha mchana kwao, na hapo, nakwambia kweli, soda moja kwa watu watano haitoshi. Ulizia pia taulo na viti vya kujilaza kabla ya kuvikalia. Wakikataa kwa kuwa wamejaa, shukuru uondoke, nanyi subirini maji yajae. Mkirudi kijijini, jifungeni kanga juu ya nguo za kuogelea.