Kiboko, Makofi na Dadu Mbili

SWALI: Shikamoo Mama. Nafundisha Hisabati Darasa la Sita huku Tukuyu, wanafunzi 62. Jaribio la kwanza la muhula huu, kumi wa mwisho walipata wastani wa 11 kati ya 50. Niliwachapa. Kumi wa mwanzo walikuwa na wastani wa 44, nikawasimamisha mbele wakapigiwa makofi. Jaribio la pili, waliochapwa wamepanda hadi 17 na waliosifiwa wameshuka hadi 39. Wastani wa darasa zima haukuhama, 27 mara zote mbili. Mke wangu anasoma saikolojia chuoni na anasema kiboko hakifundishi. Mbona namba zinasema vingine?
Mwalimu, Rungwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Namba hazijasema hivyo, umezisemea wewe.

Juni iliyopita, baridi ya Uyole ikiwa imetusukumia sote jikoni, nilichukua dadu mbili za ludo nikawapa wajukuu warushe kwa zamu, tujumlishe. Aliyepata 3 nikamfokea: "Mzembe we, hata dadu zinakushinda!" Aliyepata 11 nikampa kiazi kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa kwenye majivu. Wakarusha tena. Wa 3 akapata 8, wa 11 akapata 6. Kitinda mimba akatangaza kwamba Bibi akifoka, dadu zinasikia.

Umecheka? Ndicho ulichoniandikia. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Aliyeanza na 3 ana nafasi 33 kati ya 36 za kupata zaidi, na wa 11 ana nafasi 33 hizohizo za kupata pungufu, nifoke nisifoke.

Mtoto si dadu, najua. Lakini alama yake ina maarifa ndani, na ina bahati ya siku ile. Mvua ya Tukuyu unaijua: huyu kafika kalowa hadi daftari, yule usiku wake kapitia swali lilelile ulilouliza, mwingine kabahatisha herufi zikakubali. Ukiwachukua kumi wa mwisho, umewazoa wanaojua kidogo pamoja na waliokuwa na siku mbaya. Siku mbaya hairudi kwa mtu yuleyule kila wiki, kwa hiyo wanapanda. Juu nako waliobahatika wanashuka. Na darasa zima limebaki palepale kwenye 27! Hiyo 27 ndiyo iliyonifanya nitabasamu.

Jambo hili linaitwa kurejea wastani. Mwingereza Francis Galton aliliandika mwaka 1886, baada ya kukusanya vipimo vya urefu wa watu wazima 928 na vya wazazi wao. Wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, ila si kama wao. Wafupi sana vilevile, watoto wao waliwazidi kidogo. Na Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia alivyokutana na wakufunzi wa marubani wa Israeli walioapa kwamba rubani akisifiwa anaharibu safari inayofuata, akikaripiwa anarekebika. Kosa lako, neno kwa neno. Nami nimewahi kulifanya: tuta la viazi lililonitia aibu nikalimwagia samadi, msimu uliofuata likazaa, nikawatambia majirani. Matuta mengine sikuyatazama.

Sasa usikimbilie kumwambia mke wako kwamba namba zimempa ushindi. Hazijampa. Namba zako hazisemi kiboko kinafaa wala hazisemi hakifai, kwa sababu hukuwa na kundi la kulinganisha.

Ukitaka kujua kitu kinachosaidia, weka fimbo kando, maana watoto hawachapwi ili tupate takwimu. Jaribu masomo ya ziada. Chukua ishirini wa mwisho, andika majina kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye sufuria, mtoto mwingine achomoe kumi bila kuchungulia. Usichague wewe, utawapendelea wenye bidii bila kujijua. Hao kumi wapate ziada wiki nne, wengine wasubiri zamu yao mwezi ujao. Jaribio liwe lilelile kwa wote, na asahihishe mwalimu asiyejua nani yuko kundi gani.

Makundi yote mawili yatapanda, nakuambia mapema. Wewe tazama tofauti kati yao. Watoto kumi kumi ni wachache, kwa hiyo tofauti ya alama mbili tatu isikutoe mbio. Rudia na muhula ujao. Kisha niandikie, na alama za walioshuka pia uziweke.